Mume Wangu, Mabati Yetu na Kitabu cha 1863

Wanawake wengine wananyang'anywa waume na nyumba ndogo. Mimi wangu nilikaribia kunyang'anywa na Mwingereza aliyekufa mwaka 1864. Haya ndiyo yaliyotukuta Nyamiaga, na jinsi tulivyotoka salama.

Mpenzi msomaji, ukishakaa na mwanaume miaka sita unajua tu siku nyumba ikiwa na siri. Anatabasamu na simu. Akipigiwa anatoka nje. Ukiuliza, "Nani huyo?" anasema, "Mambo ya kazi tu, mke wangu." Nikajisemea moyoni, haya, zamu yangu nayo imefika.

Siri yenyewe niliikuta posta, Ngara mjini. Nilikwenda kuchukua barua za ofisi, dada wa kaunta akaniambia, "Shemeji, kuna mzigo wa mwalimu umetoka Uingereza. Saini hapa umpelekee." Mzigo mzito kama tofali! Nilifika nao nyumbani, nikauweka mezani, nikauzunguka kama paka anavyozunguka sufuria ya samaki. Mwisho uvumilivu ukanishinda, nikaufungua.

Ndani kulikuwa na kitabu. Kimoja. Kikuukuu, jalada limepauka, kinanuka kabati la bibi. Chini yake kulikuwa na risiti. Nikapiga hesabu ya paundi kwa shilingi, nikarudia, kisha nikatafuta kiti nikakaa. Milioni moja na laki nane.

Sasa nielewe vizuri. Mimi ni mhasibu, mtoto wa Tanga niliyeolewa Ngara. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha historia na jiografia. Kwenye akaunti yetu tulikuwa na milioni mbili na laki tatu, fedha ya mabati. Nyumba yetu hapa Nyamiaga ilikuwa imeshafunga lenta, fundi ameshapima, na wingu la vuli limeshaanza kukaa juu ya vilima. Huku kwetu mvua haina simile. Na mwenzangu ameenda kununua kitabu.

Aliporudi jioni alikikuta mezani, na mimi nimekaa pembeni yake nimekunja mikono. Hakujitetea. Alisema tu, "Nilitaka kukuambia." Jamani, hayo maneno mawili yamevunja ndoa ngapi? Usiku ule tulilala mgongo kwa mgongo. Na siku iliyofuata. Na wiki nzima.

Ugonjwa ulivyoanza

Ukweli ni kwamba nilimjua hivyo hivyo. Tulipokutana Dar es Salaam, yeye chuoni na mimi nimeanza kazi, mitoko yetu mingi ilikuwa kwenye meza za vitabu vya mitumba. Wenzangu wanapelekwa ufukweni, mimi napelekwa kuchambua makaratasi yenye vumbi katikati ya mji. Kitabu chake cha kwanza alikipata kwa elfu tatu: nakala iliyochoka ya African Game Trails, cha Theodore Roosevelt, yule rais wa Marekani. Alipomaliza urais, mwaka 1909, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit pamoja na wataalamu watatu wa viumbe, wakawinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Kitabu kikatoka 1910. Nakala ya mume wangu ilikuwa chapa ya baadaye, ya bei rahisi, lakini aliibeba kama mtoto mchanga.

Nikamuuliza, "Sasa huyu anatusaidia nini?" Akanieleza kwamba duniani kuna watu wanaotafuta vitabu vya safari vya zamani, hasa vilivyoandikwa na watu waliokuwa wanachunguza mimea na wanyama. Wamarekani wanakitafuta sana cha William Bartram wa Philadelphia, aliyezunguka Carolina, Georgia na Florida kati ya mwaka 1773 na 1777, wakati Marekani ilikuwa inajitoa kwenye utawala wa Uingereza. Kitabu chake kilichapwa Philadelphia mwaka 1791. Chifu mmoja wa Waseminole alimwona anavyohangaika na maua, akambatiza jina Puc Puggy, yaani mwinda maua. Nilicheka. Watu wa kwao nao walikuwa wanawapa wageni majina ya utani kama sisi! Lakini kwa mshahara wa mwalimu, mume wangu alisema, hicho cha Bartram ni cha kukitazama kwenye intaneti tu.

Yeye shida yake ilikuwa ya huku kwetu. Alitaka vitabu vya wale waliopita Kagera na majirani zake. Aliniorodheshea kama mtu anayetaja wachezaji wa Simba na Yanga: Speke na Grant, waliopita 1861, Stanley, aliyepita 1876, Oscar Baumann, 1892, Count von Götzen, aliyevuka mto Kagera pale Rusumo mwanzoni mwa Mei 1894 kuingia Rwanda, na baadaye akawa gavana wa Wajerumani hapa kwetu wakati wa vita vya Maji Maji. Kila mmoja aliandika kitabu. Na kila kitabu kilichapwa mbali: Edinburgh, London, Berlin.

"Huoni ajabu?" aliniambia. "Habari za bibi zetu ziko kila mahali isipokuwa hapa."

Wakati ule niliona ni maneno ya kuvutia ya kijana anayechumbia. Kumbe mwenzangu alikuwa anamaanisha.

Usiku niliokaa na Speke

Siku ya nane ya ugomvi mume wangu alisafiri kusimamia mitihani. Nikakichukua kile kitabu kwa nia moja tu: nijue kinaweza kuuzwa kwa bei gani. Jina lake ni refu: Journal of the Discovery of the Source of the Nile. Mwandishi, John Hanning Speke. Mchapishaji, William Blackwood, 1863. Nikaanza kufunua. Nikajikuta saa saba za usiku bado nasoma.

Kwa kifupi, Speke na mwenzake James Augustus Grant waliondoka pwani mwaka 1860, wakapitia Tabora, wakaja kuingia huku kwetu mwishoni mwa 1861. Nyamiaga hawakufika. Walipita mashariki yetu, kwenye nchi waliyoiita Usui, ndiyo Rusubi, upande wa Biharamulo. Mtemi wa pale, Suwarora, aliwaweka siku na siku wakisubiri, huku watu wake wakidai hongo ya nguo, shanga na nyaya. Na kwa yote waliyotoa, mtemi mwenyewe hawakumwona kwa macho! Nilipomsimulia mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe mtemi alikuwa na TRA yake," akasema.

Novemba 1861 wakafika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, ambaye Speke anamwandika Rumanika. Huyu aliwapokea vizuri mno. Grant alikuwa anaumwa mguu vibaya, akabaki Karagwe miezi kadhaa wakati mwenzake anaendelea Buganda. Mnamo Julai 1862 Speke akasimama pale Nile inapotoka ziwani, ambapo leo ni Jinja, Uganda.

Mimi si mtu wa historia, ila kuna vitu vilinikamata. Karagwe, kwa mfano, ndipo Speke alipoletewa mnyama wa majimajini tunayemwita nzohe, mwenye kwato ndefu za kumwezesha kutembea kwenye matope. Leo wanasayansi wanamwita Tragelaphus spekii. Grant naye alikuwa anakusanya mimea njiani kote, na orodha ya mimea ya safari ile ilikuja kuchapwa London miaka ya 1870 na chama cha wanasayansi cha Linnean. Yule swala granti unayemwona Serengeti amepewa jina la huyo huyo. Yaani hata kama hujawahi kushika kitabu hiki, majina yake umeshayasikia.

Na yupo Bombay. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa India, akawa huru, akarudi. Huyu alikuwa na Speke safari zote mbili, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron. Chama cha kijiografia cha London kilimpa medali ya fedha mwaka 1876. Speke anamlalamikia Bombay kila baada ya kurasa chache, lakini soma kwa makini: bila Bombay hakuna aliyekula, hakuna aliyelala, hakuna aliyeelewana na mtemi yeyote. Nikawaza, huyu ndiye mhasibu mwenzangu. Kazi yake haionekani mpaka siku asipokuwepo.

Nikafika kwenye ukurasa wa futi

Halafu nikafika mahali nikafunga kitabu kwa kishindo.

Pale Karagwe wake wa wakubwa walikuwa wakinyweshwa maziwa ili wanenepe, maana unene ndio ulikuwa urembo wao. Speke akamtaka mmoja wa mashemeji wa Rumanyika akubali kupimwa. Ili akubali, akamwahidi kumwonyesha na yeye miguu na mikono yake mieupe. Akachukua vipimo, akaviandika vyote: mkono inchi 23, kifua inchi 52, paja inchi 31, na kadhalika mpaka kwenye ndama ya mguu. Binti wa yule mama, wa miaka 16, amekaa pembeni ananyweshwa maziwa huku baba yake ameshika fimbo.

Inchi zote zipo. Jina la yule mama halipo.

Dada zangu, mimi ni mnene. Nimeshapimwa kwa macho na kila mtu, kuanzia kondakta wa daladala mpaka mashangazi kwenye kamati ya harusi yangu. Nilihisi kama ni mimi niliyekaa kwenye ile nyumba, mgeni ananizungushia futi kamba ili watu wa Edinburgh wanione. Kwa hiyo hiki ndicho kilichokula mabati yangu?

Mume wangu aliporudi Ijumaa hata chai sikumpa. Nilimfungulia ukurasa. "Soma. Kwa sauti." Akasoma. Nikamwambia, "Hiki ndicho ulichotaka kukileta nyumbani? Mabinti zetu wakisome?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, "Funua mbele kidogo. Kuna sura baada ya hapo. Hiyo ndiyo niliyoinunua."

Sura aliyoinunua

Katika sura hiyo Speke anaeleza nadharia yake kuhusu wafugaji waliokuwa watawala katika nchi hizi, anaowaita Wahuma. Kwa kutazama sura na pua zao, na masimulizi machache aliyoyasikia, akahitimisha kwamba hawa ni kizazi kilichotoka Uhabeshi, watu wa aina nyingine na bora kuliko wakulima wanaowatawala. Ushahidi hakuwa nao. Lakini kitabu kilisomwa sana, na wazungu waliokuja nyuma yake walilibeba wazo hilo na kuliongezea. Wajerumani na kisha Wabelgiji walitawala Rwanda na Burundi wakiwa wameamini kwamba kuna watu waliozaliwa kutawala na waliozaliwa kutawaliwa. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaliandika kabila kwenye kitambulisho cha kila Mnyarwanda.

Sasa mume wangu ni mtoto wa Ngara. Aprili 1994 alikuwa na miaka sita. Mwishoni mwa mwezi ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilaya yetu ndani ya siku moja hivi, wakati Rwanda Watutsi wanauawa na vita vinaendelea. Miaka mia moja kasoro siku chache tangu Götzen avuke pale pale akielekea upande wa pili. Kambi ya Benaco ikageuka mji. Mume wangu anakumbuka mama yake akipika sufuria kubwa la maharage na kulipeleka barabarani. Anakumbuka watu walivyotembea kimya. Anakumbuka alimuuliza baba yake, "Kwa nini wanauana?" na baba yake akajibu, "Kwa sababu ya vitambulisho."

"Nilipofika chuo," akaniambia, "mhadhiri akasema moja ya mizizi ya lile wazo imo kwenye kitabu kilichoandikwa Karagwe. Karagwe, mke wangu! Hapo juu tu. Tangu siku ile nilitaka nikishike. Si kukisifu. Speke hakushika panga, alikufa miaka 130 kabla. Lakini nataka wanafunzi wangu waone kwa macho kwamba mtu anaweza kukaa wiki chache kwa watu, akaandika anachodhani, na kile alichodhani kikarudi kubisha hodi kwa wajukuu zao."

Mpenzi msomaji, nilikuwa nimeolewa naye miaka sita. Habari ya lile sufuria la maharage sikuwahi kuisikia.

Sikumsamehe siku ile ile, nisiwadanganye. Sababu nzuri haigeuzi siri kuwa ukweli. Nilimwambia hivi: "Kama ungeniambia haya kabla, pengine ningesema subiri mwakani. Pengine ningesema nunua. Lakini hukunipa nafasi ya kuwa mke wako." Hapo ndipo aliponiomba radhi ya kweli, si ile ya "nilitaka kukuambia".

Mhasibu akaingia kazini

Wiki iliyofuata nilifanya ninachokijua. Nilikihesabu kitabu kama ninavyohesabu stoo. Mwanzoni mna orodha ya picha. Nikazipitia moja moja na penseli. Zote zimo. Nikafika mwisho, ndani ya jalada la nyuma, nikaona mfuko wa karatasi umebandikwa. Mtupu.

"Baba, humu mlikuwa na nini?"

Akaja, akatazama, rangi ikamtoka. Ilikuwa ni ramani ya kukunjwa ya safari nzima. Tukafungua nakala ya bure kwenye intaneti kulinganisha. Ndiyo, kitabu kinatakiwa kuwa na ramani ile mfukoni, na ni moja ya vitu vinavyobeba thamani yake. Tangazo la muuzaji lilisema kitabu kimekamilika. Yeye kwa furaha yake alikuwa amesoma sura ile moja tu, mfuko hakuugusa.

Niliandika barua pepe mimi mwenyewe. Fupi, ya kiofisi, nikaambatanisha picha ya mfuko mtupu na lile tangazo. Baada ya kuzungushana majuma matatu, muuzaji akakubali kurudisha sehemu ya fedha: kama laki sita hivi. Siku fedha ilipoingia mume wangu alininyanyua jikoni mbele ya mama yake. Mzima mzima, na inchi zangu zote!

Laki sita zilikwenda kwenye mabati. Nyingine alizijazia yeye kwa masomo ya jioni na wikiendi. Paa lilichelewa miezi mitano, na vuli ile tuliipokea tukiwa bado kwenye nyumba ya kupanga yenye sebule inayovuja. Sitasema haikuuma. Iliuma.

Lakini Desemba tulipanda gari kupitia Benaco tukaenda Karagwe, sisi wawili tu, kwa mara ya kwanza tangu fungate. Tulisimama Bweranyange, ilipokuwa ikulu ya Rumanyika, tukatazama vilima ambavyo Grant alivitazama miezi ile akiwa na mguu mbovu. Kiziwa cha hapo karibu Speke alikipa jina la Little Windermere, kwa ajili ya ziwa la kwao, ingawa kilikuwa na jina lake. Mambo yamebadilika: tangu 2019 kuna Hifadhi ya Taifa inayoitwa Rumanyika-Karagwe. Speke kabaki na nzohe, mwenyeji kapata hifadhi. Tulicheka sana. Na yule mama wa inchi 52, nilimwombea kwa jina nisilolijua.

Tulichokubaliana

Marafiki wengi, hasa wanandoa wachanga, wananiuliza tulimalizaje. Mwenzako anaweza kuwa na wazimu wa magari, wa pweza wa kuchoma, wa jezi, wa vitenge. Wetu ni wa vitabu. Tulikaa mezani tukaandika mambo manne.

Kwanza, kila mmoja ana kifungu chake kidogo cha mwezi cha kufanyia anachopenda, bila kuulizwa. Kisichotosha, kinasubiri. Pili, akaunti ya nyumba haiguswi bila saini mbili. Tukaenda benki tukaibadilisha kweli. Tatu, chochote kinachozidi laki moja kinazungumzwa kabla, si baada. Nne, na hili nililitaka mimi: ukitaka kununua kitu cha thamani, unieleze kwa nini. Si bei tu. Kwa nini. Maana bei niliijua tangu siku ya kwanza, ila sababu nilikuja kuijua baada ya wiki mbili za kununiana.

Kama na wewe umevutiwa

Usianze kama mume wangu. Anza hivi:

1. Chagua eneo moja. Ziwa lenu, mkoa wenu, mlima wenu. Anayetaka kila kitu anaishia na makaratasi.

2. Soma bure kwanza. Kitabu cha Speke na vingi vya rika lake vimewekwa kwenye intaneti, kwa mfano Project Gutenberg na Internet Archive. Vya mimea na wanyama, tazama Biodiversity Heritage Library. Ukiwa Dar es Salaam, maktaba ya Chuo Kikuu ina mkusanyiko maalumu wa vitabu vya Afrika Mashariki.

3. Jua toleo. Tazama mwaka na mchapishaji kwenye ukurasa wa jina. Cha Speke toleo la kwanza ni Blackwood, 1863. Kile cha Harper cha New York ni cha 1864. Zipo pia chapa mpya zinazoiga sura ya zamani. Ni nzuri kusoma, ila usizilipie bei ya zamani.

4. Hesabu. Picha zote, ramani zote, na mfuko wa nyuma. Kama huwezi kukishika, omba picha za kila kimoja kabla ya kulipa.

5. Uliza hali yake: mshono, mgongo wa kitabu, madoa ya kahawia, kurasa zilizochanwa. Kikiwa na muhuri wa maktaba, uliza kama maktaba ilikiondoa rasmi. Usinunue cha wizi.

6. Tunza tangazo na risiti. Sisi ndivyo vilivyotuokoa.

7. Kilinde. Kiweke pakavu penye hewa, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na mchwa. Selotepu isikiguse kamwe. Na jua pia ni adui. Mama mkwe, kwa huruma yake, aliona kinanuka ukungu akakianika uani pembeni ya maharage. Tulikiwahi.

8. Usikinunue ukidhani utatajirika kesho. Nunua kwa sababu utakisoma.

Na mimi nimeambukizwa

Leo kitabu kipo sebuleni, chini ya mabati yetu wenyewe. Kila mwaka mume wangu hukichukua siku moja tu kwenda nacho darasani, kimefungwa kwenye khanga yangu. Wanafunzi wanasoma ile sura, kisha wanaulizwa swali moja: ameyajuaje haya? Wanalirudia kwa kila mstari. Mpaka kengele inalia ukurasa mzima umebaki na sentensi chache sana zilizosimama.

Mimi nami nimeanza kutafuta changu. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha Kiswahili, Safari za Wasuaheli, chenye habari za safari walizosimulia Waswahili wenyewe. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alikwenda mpaka Urusi na Siberia na bwana wake Mjerumani. Mswahili kwenye theluji, anatazama watu wa kule anavyotaka yeye, na anaandika! Hicho ndicho nataka mabinti zangu wakikute kwenye rafu, ubavuni mwa Speke, ili wajue kwamba na sisi tulikuwa na macho.

Kifungu changu cha mwezi kinajikusanya taratibu. Mume wangu juzi kaniuliza kama anaweza kuniongezea kidogo.

Nimemwambia alete sababu kwa maandishi.